Insha za shule zilinifundisha kukariri, si kuandika. Nani ananipinga?

#1 Nyar_Nyalenda

Salaam wanajamvi.

Nina dai na nina swali. Dai langu ni kwamba insha tulizoandikishwa shuleni zilitufundisha kukariri, na kuandika tukaja kujifunza baadaye, tena si sote. Swali: ni nini hasa humtoa mtu huko?

Niko mwaka wa tatu chuoni hapa Njoro, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Kwetu ni Nyalenda, Kisumu. Likizo iliyopita nilipata madaftari yangu ya insha ya darasa la nane. Mama aliyaweka sandukuni pamoja na vyeti. Nimeyasoma yote. Hiki hapa kipande cha insha ya siku ya soko, iliyopata 36 kwa 40:

«Siku hiyo niliraukia jogoo la kwanza. Jua lilikuwa likichungulia kutoka mashariki huku ndege wakitumbuiza kwa nyimbo tamutamu mithili ya malaika. Nilijizoazoa kitandani, nikapiga mswaki meno yangu meupe pepepe, nikastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi. Guu mosi guu pili, nikashika njia kuelekea sokoni. Waama, Waswahili hawakukosea walipoamba kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.»

Na hiki nimekiandika muhula huu. Soko ni Kibuye, na omena ni dagaa wa ziwani:

«Mama hupimia omena kwa gorogoro lililobonyea upande mmoja. Wateja wanaomjua hutazama upande huo kwanza. Akishajaza hadi juu huongeza kiganja kimoja. Mteja akisema "ongeza mama", yeye hugeuka kando, akapanga mifuko, kisha akaongeza nusu kiganja bila kumtazama. Hiyo nusu ndiyo humrudisha mteja Jumapili ijayo. Mwezi wa sita gunia lilijaa na bei ilishuka, basi kiganja chake kikawa kikubwa.»

Sisemi cha pili kimekamilika. Ninachotaka mwone ni kwamba kwenye kile cha kwanza mimi simo. Mama hayumo, Kibuye haimo. Mkate wa siagi hatukuwa tukila. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, iliyobaki usiku. Hakuna mwalimu aliyenikataza kuandika nyoyo. Haikunijia tu kwamba nyoyo inaweza kuingia kwenye insha. Niliamini insha ina nchi yake, na huko kila mtu huamka na jogoo, hula mkate wa siagi, na safari zote huishia kwenye methali.

Kilichonigeuza mimi nadhani nakijua. Mwaka wa kwanza niliandika kazi inayofanana na hiyo ya darasa la nane, ila ndefu zaidi. Mhadhiri hakukata sentensi hata moja. Aliandika pembeni kwa penseli: "Soko hili linauza nini?" Swali hilo lilinikaa kichwani muhula mzima. Nilipofunga chuo nikakaa nyuma ya mama na daftari, nikaandika kila kilichouzwa pale na jinsi kilivyopimwa.

Nitakuwa mwalimu karibuni. Nikipewa darasa, niwaambie watoto nini? Nauliza nikitaka kujua kweli.

#2 Section58

Meno meupe pepepe! Nani hakuandika hiyo? Yangu ilikuwa "nilitimua mbio kama swala aliyeponea makucha ya simba". Na mbuga iko hapa hapa Nakuru, swala wapo, simba wapo, lakini mimi niliyemkimbia kwenye insha ni mbwa wa jirani Kaptembwo.

Nakuunga mkono dada. Endelea kuandika.

#3 Mwalimu_wa_Lurambi

Binti, hongera kwa madaftari hayo kuwapo. Mengi huishia kufungia njugu.

Lakini dai lako nalipinga. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi na sasa niko sekondari, Kakamega. Chukua mtoto anayetoka nyumbani ambako Kiluhya kinazungumzwa kutwa, Kiswahili anakisikia darasani na redioni tu. Mwambie "andika unachokiona". Ataandika mistari minne akwame. Si kwamba haoni. Anaona vizuri kuliko mimi. Hana namna ya kutoka aya moja kwenda nyingine. "Guu mosi guu pili" inamtoa nyumbani na kumfikisha sokoni. "Kufumba na kufumbua" inamwezesha kuleta tukio. Akishazoea kusafiri ndani ya lugha, hizo ataziacha mwenyewe, kama ulivyoziacha wewe.

Na kuna kitu umekiruka. Umetoka darasa la nane ukaingia chuo moja kwa moja. Miaka minne ya sekondari iko wapi? KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ina insha mbili, kila moja alama 20, kwa saa moja na dakika 45. Ya kwanza ni ya lazima, na huwa barua, ripoti, hotuba, tahariri, kumbukumbu za mkutano na kadhalika. Huko jogoo la kwanza halina kazi. Mtu aliyeandika ripoti ya kamati iliyochunguza moto wa bweni amekwisha kufunzwa kutaja saa, mahali na chanzo. Hayo hukuyapata kwa penseli ya mhadhiri.

#4 JaNam

Habari zenu. Mimi sina digrii ya Kiswahili, nina mtumbwi Dunga.

Nyar, hiyo aya ya pili ni tamu, nimeisoma mara mbili. Ila hapo mwezi wa sita umeniangusha. Upande wetu wa Kenya omena haivuliwi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili izaliane. Mwezi wa sita gunia halijai, na bei haishuki, hupanda. Kiganja cha mama kingekuwa kidogo, au hakingekuwepo kabisa.

Kama umefika mahali pa kuandika vitu vilivyo vya kweli, basi viwe vya kweli hadi mwisho.

#5 Mulembe_Daima

@JaNam, omena ya Uganda na Tanzania nayo huingia miezi hiyo. Nimeinunua Busia mwenyewe, wakiiita mukene. Kwa hiyo gunia linaweza kujaa.

#6 JaNam

@Mulembe_Daima, inaingia, ndiyo. Bei inashuka? Hapana. Mwulize mwenye kulipia gari.

#7 Nyar_Nyalenda

JaNam, asante sana. Nitauweka mwezi wa tisa, na pengine mwezi wa sita niuandikie aya yake, ya kiganja kidogo. Nimempigia mama sasa hivi, amesema: "Huyo anajua." Kumbe mwezi wa sita huwa anachanganya biashara, nusu meza omena, nusu dengu.

Mwalimu wangu, kuhusu sekondari. Ni kweli nimeiruka, na sababu ni kwamba madaftari yale hayapo. Ripoti ya moto wa bweni niliandika, tena kwa vichwa vidogo: utangulizi, hadidu za rejea, njia za utafiti, matokeo, mapendekezo. Lakini shule yetu haikuwahi kuungua, sijawahi kuona bweni linaungua, na kamati yenyewe niliitunga na wanachama wake wote. Saa na mahali nilitaja, ndiyo, vyote vya kubuni. Naona bado tuko nchi ile ile, tumehamia mtaa mwingine tu.

#8 MzeeMolo

Nawasalimu nyote, wanangu.

Mnazungumza kana kwamba insha ya Kiswahili ilikuwepo tangu zamani. Sisi tuliofanya CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, hatukutahiniwa Kiswahili. Mtihani wa lugha ulikuwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa cha lazima na cha kutahiniwa pale mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, kufuatia tume ya Mackay ya 1981. Kwa hiyo wazee kama mimi hatukukariri jogoo yeyote, na bado tuliandika.

Tuliandika barua. Kijijini kwetu nilikuwa naandikia watu barua kwa vijana wao waliokuwa Nairobi na Mombasa. Mama anakaa kwenye kigoda, anaongea, mimi naandika. Mwanzo ulikuwa mmoja kwa wote: "Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, nasi huku hatujambo ila shauku ya kukuona." Hata kama huku wanajambo sana! Halafu ndipo unaingia kwenye jambo lenyewe: ng'ombe amekufa, ada ya mdogo wako haijalipwa, baba yako haongei na mtu tangu uondoke.

Ninachotaka kusema: ule mwanzo wa kukariri haukutuzuia kitu. Ulitupa nafasi ya kupumua kabla ya kusema zito. Mama alikuwa akinitazama naandika "buheri wa afya", anatulia, kisha anasema lile alilokuja kusema. Msiyatukane maneno ya kukariri kwa haraka hivyo.

#9 Chep_wa_Rongai

Mzee Molo, asante, sikujua hayo ya CPE.

Mimi naona mnazunguka jambo lililo wazi. Mtu hubadilika kwa kusoma. Penseli ya mhadhiri ni bahati, barua ni bahati. Nilikuwa shule ya bweni, na kila jioni nilikuwa nasoma Taifa Leo moja iliyofika imechelewa na kupita mikono mingi. Ukurasa wa michezo ulikuwa umekatwa tayari. Nilisoma tahariri na barua za wasomaji. Nikaona watu wanaanza na hoja bila jua kuchomoza. Kisha riwaya. Ken Walibora ndiye aliyenifungua macho, Siku Njema nimeisoma hadi jalada likatoka. Lakini yule alikuwa Mpwani, Kiswahili amekizaliwa nacho, sisi wa huku bara lazima tusome mara mbili yake.

Na kwa taarifa tu, insha ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilikuwa alama 50, ndiyo maana watoto walibebeshwa misemo.

#10 Mulembe_Daima

@Chep_wa_Rongai, hapo lazima nikusimamishe. Walibora Mpwani wapi? Mtu wa huku kwetu magharibi, amekulia Cherangani, Trans Nzoia. Siku Njema ya 1996 ndiyo ina Tanga na Mombasa ndani yake, na kwa sababu ya hiyo wengi huamini mwandishi ametoka huko. Marehemu (alituacha Aprili 2020) alikuwa mtoto wa bara aliyekisoma Kiswahili kama mimi na wewe. Kwa hiyo hiyo hoja ya "kuzaliwa nacho" ameivunja yeye mwenyewe.

#11 Mwalimu_wa_Lurambi

Na kwangu marekebisho mengine. Insha ya KCPE ilikuwa alama 40, dakika 40. Yaliyokuwa 50 ni maswali ya lugha. Jumla 90, ndipo ikageuzwa kuwa asilimia. Hata Nyar ameandika pale juu, 36 kwa 40.

#12 Chep_wa_Rongai

Nimekubali yote mawili. Na Cherangani inanipa nguvu zaidi! Aliyekulia kule akaandika Tanga ile, amefika huko kwa kusoma na kusikiliza. Hoja yangu imesimama.

#13 Section58

Mwalimu, nina neno nawe, kwa heshima.

Umesema mtoto hukariri kwa sababu Kiswahili si cha nyumbani. Mimi baba ni Mkisii, mama ni Mkikuyu. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tulichogombania, tulichoombea chakula, tulichochapiwa. Sina lugha nyingine ninayoota nayo. Na Nakuru watoto wa namna yangu ni wengi. Sasa niambie, kwa nini nami niliandika jogoo la kwanza? Sikukosa maneno. Maneno yalikuwa mdomoni siku nzima. Nikishika kalamu nilikuwa nayaacha mlangoni, kwa sababu niliona Kiswahili changu cha Kaptembwo hakifai kuandikwa.

Hapo ndipo naona tatizo. Mtoto wa Kakamega na mtoto wa Nakuru, mmoja hana Kiswahili na mwingine anacho tele, wote wawili wanaandika sentensi ile ile ya kwanza. Sababu yako inamgusa mmoja tu.

#14 Mwalimu_wa_Lurambi

Swali zuri. Nitalifikiria.

Kwa sasa nijibu hivi: kukijua Kiswahili cha kuongea si kukijua cha kuandika. Wewe pia ulihitaji ngazi, ila ngazi yako ilikuwa ya aina nyingine. Lakini hapo kwa kuyaacha maneno mlangoni umenigusa. Wako watoto ambao darasani ni wasimuliaji hodari, wakishika kalamu huwatambui.

#15 JaNam

Na Wajaluo mmetusahau. Sisi tulikuwa tunalima "samba" na kula "samaki wa kukaanga" bila kosa hata moja kwenye samaki.

#16 Section58

@JaNam, na huku kwetu wengine "wanarara" baada ya "kura".

#17 Chep_wa_Rongai

Sisi mtuachie, P na B zetu tunazijua wenyewe. Turudi kwenye mada.

#18 Karani_wa_Familia

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Naomba niongeze kisa changu, kwa sababu sijaona kilichonibadilisha mimi kikitajwa.

Kwetu ni Vihiga. Ukisoma hadi chuo, basi matanga yakitokea wewe ndiye karani. Unaandika bajeti, unaandika orodha ya kamati, na unaandika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya mazishi. Wa kwanza kuandika ulikuwa wa nyanya yangu. Niliketi nikaandika: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mwenye bidii na aliyependwa na wote." Nikawasomea jamaa jioni ile. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa akichambua mboga pale nje, akauliza: "Huyo ni nani? Hata wa jirani juzi alikuwa hivyo."

Palitulia. Halafu wakaanza kuniambia mmoja baada ya mwingine. Alitembea kwa miguu hadi soko la Luanda na kikapu cha mrenda na saga, na asipouza zote hakurudi nazo nyumbani, aliwaachia wanawake wenye watoto wachanga. Alikataa kuuza kipande cha shamba cha kando ya mto hata wanawe walipomfanyia mkutano. Alimkemea mchungaji hadharani kwa kuchelewa ibada. Alilea watoto wa kaka yake waliofiwa na hakuna siku aliyowaita wa kaka. Mmoja wao alikuwa ameketi pale, mtu mzima, ndiye aliyeyasema hayo. Niliandika hadi taa ikaisha chaji.

Siku ya mazishi iliposomwa, kwa mchungaji watu walicheka na mchungaji mwenyewe akacheka. Kwa shamba la mto, baba zangu wadogo walitazama chini. Nilijua kwamba kila neno pale lina mtu anayeweza kusimama akasema "si hivyo". Hilo ndilo lililonifunza. Msahihishaji wa mtihani hamjui nyanya yangu, kwa hiyo ningeweza kumwandikia lolote. Shangazi anamjua.

Kwa hiyo mimi sisemi kusoma, sisemi umri. Nasema msomaji. Ukibadilisha unayemwandikia, mwandiko hubadilika wenyewe.

#19 MzeeMolo

Karani, Mungu amrehemu nyanya yako. Hiyo habari ya wale mama wa watoto wachanga imenifikia.

Nami nilikuwa na wasomaji wa hivyo. Mama akishamaliza kuniambia barua, alinitaka nimsomee yote tena. Nikiongeza neno la kwangu alilijua papo hapo.

#20 Nyar_Nyalenda

Karani, nimeisoma kwa sauti hapa chumbani, na mwenzangu wa chumba akasema nirudie.

Sasa najiuliza kama ni ile penseli kweli au ni kwamba aya ya omena nilimsomea mama kabla ya kuiwasilisha. Nilimtafsiria kwa Dholuo, mstari kwa mstari. Pale penye gorogoro lililobonyea alisema nisiandike hivyo, wateja watadhani anapunja. Tulibishana. Nikaacha gorogoro, nikaongeza wateja wanaotazama upande huo, ili ionekane kuwa wanajua na bado wanarudi. Hiyo sentensi ya pili imetokana na ubishi wa mama. Mhadhiri alikuwa hana habari.

#21 JaNam

Mimi nitasema la kawaida mnaloliepuka: ni umri tu. Darasa la nane hukumtazama mama yako, kwa sababu hakuna mtoto anayemtazama mama yake. Yupo tu. Leo unalipa kodi ya chumba Njoro, unajua ile nusu kiganja imetoka wapi na imekugharimu nini. Ungepewa mwalimu bora Kenya nzima ukiwa na miaka kumi na minne, nusu kiganja usingeiona.

#22 Chep_wa_Rongai

Kama ni umri, mbona kuna watu wazima wanaoandika "kwa hakika bidii hulipa" hadi kwenye kadi ya harusi? Umri huja kwa kila mtu. Kuandika hakuji.

#23 Mulembe_Daima

Na simu je? Mimi huandika taarifa za mechi za timu yetu ya kata kwenye kikundi cha WhatsApp. Mtu akifungua ujumbe akaona jua linachomoza, anapita. Nimejifunza kuanza na bao. Naona simu imetufunza kuandika kuliko shule, ingawa Mwalimu atanifukuza jamvini.

#24 Mwalimu_wa_Lurambi

Sikufukuzi. Ila simu imefundisha wengi kufupisha kabla hawajajifunza kurefusha. Wewe mwenyewe umesoma zamani, ukaja kwenye simu ukiwa na akiba. Mtoto aliyeanza na simu, akiba yake ni ipi?

#25 Mama_Wawili

Hamjambo. Niko Kondele, na mnayoyasema yako mezani kwangu usiku huu.

Kijana wangu yuko Gredi ya 7. Ameambiwa aandike juu ya mtu anayempendeza kwa kazi yake. Ameandika juu ya fundi wa pikipiki aliye karibu nasi. Ninawawekea kama alivyoandika:

«Fundi alifungua plagi akaipuliza. Akaipangusa kwa shati lake hapa tumboni, mahali ambapo shati limeshakuwa jeusi. Akasema tatizo si plagi lakini aliipangusa vizuri vilevile.»

Mimi nimeipenda. Lakini juu yake ameongeza aya nzima ya jogoo la kwanza na ndege wakitumbuiza. Nikamuuliza kwa nini, akasema "hivyo ndivyo insha huanza". KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, mtihani huo hata haumhusu, na jogoo bado yupo! Nimwambie aitoe? Anawasilisha Jumatatu.

#26 Karani_wa_Familia

Aitoe. Aanze na plagi. Hapo kwa "aliipangusa vizuri vilevile" pana mtu mzima mzima.

#27 Mwalimu_wa_Lurambi

Asiitoe kwa amri. Ukimwambia mtoto "hii ni mbaya" baada ya kumfundisha miaka mingi kuwa ni nzuri, ataogopa kalamu. Mwache nayo, umsifu kwa plagi. Mwalimu wake akimsifu kwa plagi pia, jogoo ataondoka mwenyewe.

#28 Nyar_Nyalenda

Mwalimu, na mwalimu wake akimsifu kwa jogoo? Mimi nilisifiwa kwa jogoo hadi nikaingia chuo.

#29 Section58

Mama Wawili, usimwambie aitoe wala aiache. Muulize fundi hufungua kibanda saa ngapi. Kama ni saa tatu asubuhi, hiyo saa jogoo ameshanyamaza.

#30 MzeeMolo

Hilo swali ni zuri. Linafanana na lile la penseli.

#31 JaNam

Muulize pia tatizo la pikipiki lilikuwa nini kama si plagi. Mimi nimebaki hapo.

#32 Mama_Wawili

Nimemuuliza yote mawili. Anasema fundi hafungui saa yoyote, hulala hapo hapo kibandani tangu aliibiwa spana. Tatizo lilikuwa kabureta, mafuta yalichanganywa na maji. Nikamuuliza mbona hayo hakuyaandika. Akasema "sikujua yanaingia".

Ameshika kalamu tena, ila ile aya ya kwanza hajaifuta.

#33 Mwalimu_wa_Lurambi

Akimaliza uiweke hapa tuisome. Na Karani, usimwambie chochote kabla yangu.